Mabasi ya njano ya shule ya Marekani: dunia imeiga rangi, yaliyobaki je?

Fundi Mabati (mleta uzi)

Wakuu, salaam nyingi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo asome jioni.

Shughuli yangu ni bodi za magari, hapa hapa Dar. Kila shule zikifunga mwezi wa kumi na mbili yanaanza kuingia gereji magari ya wanafunzi: Coaster, Rosa, Civilian, Hiace. Oda ya mwenye gari haibadiliki: "Fundi, piga njano, chora mistari myeusi, andika SCHOOL BUS mbele na nyuma." Kiti kilicholegea hakiulizwi. Mlango wa dharura uliokazwa kwa nati hauulizwi. Gari linatoka linang'aa, na mzazi akiliona getini moyo unatulia.

Ile njano, ile mistari ubavuni, hata yale maandishi, asili yake ni Marekani. Nimeyafuatilia haya mabasi muda mrefu, viwango vyake na namna nchi nyingine zilivyoyaiga. Ninachotaka kusema ni hiki: tumechukua kilicho rahisi kuliko vyote, yaani rangi, tukaacha vinavyomlinda mtoto hasa. Tumeacha bodi, na tumeacha sheria inayomlazimisha dereva mwingine asimame.

Kwanza mjue rangi yenyewe ilikotoka. Mwanzoni mwa karne iliyopita shule nyingi za vijijini Marekani zilikuwa za chumba kimoja. Zilipoanza kuunganishwa kuwa shule kubwa, mtoto wa mkulima akajikuta mbali na darasa, na kila wilaya ikajitafutia usafiri wake. Kampuni ya Wayne Works ya Indiana ilikuwa inatengeneza magari ya farasi ya kubebea wanafunzi tangu miaka ya 1890. Kule Georgia mwaka 1927, Albert Luce, wakala wa magari ya Ford, alimuuzia mteja basi lenye bodi ya mbao, na ile bodi ikaanza kuachia kabla mteja hajamaliza deni. Luce akaona bora aunde yake kwa chuma. Hapo ndipo ilipozaliwa Blue Bird, ambayo mpaka leo inaunda mabasi ya shule.

Mtu aliyeleta utaratibu ni Frank Cyr, profesa wa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alipochunguza usafiri wa wanafunzi mwaka 1937 alikuta wengine wanabebwa kwenye magari ya farasi ya kusombea ngano, na kuna wilaya iliyopaka mabasi rangi za bendera ili watoto wawe wazalendo. Aprili 1939 akaitisha mkutano, kwa msaada wa dola 5,000 kutoka mfuko wa Rockefeller. Walikuja wajumbe wa majimbo yote 48 ya wakati ule, waunda mabasi na watu wa viwanda vya rangi. Ukutani wakatundika vipande 50 vya rangi, kutoka njano ya limau hadi chungwa lililokolea karibu na wekundu, wakachagua hii tunayoijua. Sababu yake ni ya kitaalamu kabisa: maandishi meusi juu ya njano hiyo yanasomeka vizuri alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu, saa ambazo mtoto yuko barabarani.

Sasa shikeni hapa. Mkutano ule ulitoka na viwango 44. Vingi vilikuwa vya urefu wa bodi, kimo cha dari, upana wa njia katikati ya viti. Rangi ndiyo iliyovuka bahari.

Na mambo hayakuishia 1939. Kuanzia Aprili 1, 1977 serikali kuu ya Marekani iliweka viwango vya lazima kwa kila basi jipya la shule, na hivyo ndivyo vinavyonigusa mimi kama fundi. Paa linabebeshwa mzigo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa tupu, na halitakiwi kubonyea zaidi ya sentimita 13 hivi, huku milango ya dharura ikiendelea kufunguka. Viungo vya mabati viwe na nguvu isiyopungua asilimia 60 ya bati lenyewe, maana zamani gari likipinduka bati liliachia kwenye maungio likakata watoto kama panga. Viti vina maegemeo marefu yenye sponji mbele na nyuma, vimesogezwa karibu karibu, ili mtoto akirushwa apokelewe na egemeo la mbele linaloshika na kupinda kidogo badala ya kumvunja.

Na ile mistari myeusi ubavuni ambayo sisi tunaichora kwa brashi? Kwao ni vyuma. Ni reli zilizofungwa kwa nje kuimarisha ubavu, na zinaonyesha usawa wa sakafu na usawa wa viti, ili zimamoto wakija kukata bodi wajue wakate wapi. Mimi nimechora mistari hiyo kwenye magari mengi, na ndani ya bati hakuna kitu.

Ukitaka kujua tofauti ya bodi, soma ajali ya Carrollton, Kentucky, Mei 14, 1988. Lilikuwa basi la shule la zamani lililonunuliwa na kanisa, na lilitoka kiwandani siku chache kabla ya viwango vya 1977 kuanza. Dereva mlevi wa gari dogo akaja upande usio wake, akaligonga, tangi la mafuta likatoboka, moto ukawaka. Mlango wa mbele haukupitika. Watu wakabanana kwenye njia nyembamba kuelekea mlango wa nyuma. Walikufa 27, karibu wote watoto na vijana, na kilichowaua ni moto na moshi, si ule mgongano. Baada ya hapo Kentucky ikadai milango zaidi ya dharura. Njano basi lile lilikuwa nayo tangu kiwandani, ila siku ile halikuwa hata likifanya kazi ya shule.

Waliofanya kinyume chetu kabisa ni Guatemala. Basi la Marekani likichoka linauzwa mnadani, linaendeshwa kupitia Mexico, linaingia kwenye karakana. Wanalikata urefu likunje kona za milimani, wanabadili gia na injini, wanafunga keria juu ya paa, wananakshi kwa rangi za kila namna, kisha linabeba watu wazima na mizigo ya sokoni. Wao wanaliita camioneta. Guatemala walichukua bodi wakafuta rangi, sisi tukachukua rangi bila bodi. Na Marekani kwenyewe, majimbo mengi yanamtaka anayelinunua basi la shule kwa matumizi mengine alipake rangi nyingine, kwa sababu wanajua njano ikizagaa hovyo itapoteza maana barabarani. Hapa kwetu Jumamosi njano ile ile imebeba watu wa harusi, Jumapili iko msibani.

Wenye uzoefu wa nchi nyingine, tiririkeni.

Mama Wawili

Asante sana mleta uzi, nimesoma yote. Nina swali kama mzazi. Wanangu wawili wanapanda gari la shule kutoka Tegeta. Kwenye picha na video za Marekani naona watoto wamekaa bila mikanda. Kama wanajali hivyo, mkanda uko wapi?

Fundi Mabati

Swali zuri sana, mama.

Kwa basi kubwa, lenye uzito wa zaidi ya kilo 4,500 hivi, sheria ya serikali kuu haidai mikanda. Hoja yao ni kwamba basi zito, refu kwenda juu, likigongana na gari dogo halistuki sana, na yale maegemeo yanamshika mtoto. Wapo wanaopinga hoja hiyo, na majimbo kama California, New York na New Jersey yameweka mikanda kwa sheria zao. Ajali za kupinduka ndizo zinazowapa nguvu wapingaji, maana gari likilala ubavu egemeo la mbele halikusaidii.

Kwa basi dogo hakuna mjadala: mikanda ni lazima kila kiti. Sasa angalia gari la wanao ni lipi. Hiace ni gari jepesi. Kwa sheria za Marekani muuzaji haruhusiwi hata kuuza gari jipya la namna hiyo kwa ajili ya kubeba wanafunzi, labda litimize viwango vya basi la shule. Kwa hiyo tusichukue hoja ya basi la tani 10 tukaivisha Hiace.

Mwana Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Ohio na familia. Kazi yangu ni kuendesha hilo basi la njano. Wakongomani tuko wengi kwenye kazi hii, na Wasomali pia. Niongeze kidogo kuhusu dereva, sababu fundi ameongea mambo ya chuma tu.

Leseni ya gari kubwa peke yake haitoshi. Unafanya mtihani wa kubeba abiria, unafanya na mwingine wa basi la shule. Asubuhi kabla ya kutoka unazunguka gari lote: matairi, taa, milango ya dharura unaifungua moja moja kuona inafunguka na kengele yake inalia. Kuna vioo vya mviringo vimefungwa mbele kabisa puani, vile vinakuonyesha mtoto mfupi aliyesimama chini ya pua, mahali macho yako hayafiki. Kuna na fimbo ndefu mbele, mlango ukifunguka inatoka, mtoto analazimika kuizunguka. Ndiyo inamweka mbali mita 3 hivi, mahali ninamwona.

Muelewe kitu kimoja. Mtoto akiwa ndani ya basi, hatari ni ndogo. Hatari kubwa iko anaposhuka, zile mita chache kuzunguka basi. Kwa hiyo nguvu yote ya mafunzo imewekwa kwa kusimama. Nikikaribia kituo ninawasha taa za njano juu, madereva wajiandae. Nikisimama, mlango ukifunguka, taa nyekundu zinawaka na kibao cha STOP kinatoka ubavuni. Hapa Ohio, kama barabara haijafika njia nne, magari ya pande zote mbili yanasimama. Ikiwa njia nne au zaidi, wale wa upande wa pili wanaruhusiwa kupita, na kwa hiyo mtoto wa upande wa pili simshushi pale, ruti inapangwa basi lifike upande wa kwao. Mtoto hashuki halafu akakimbia. Anashuka, anaenda mbele, ananiangalia usoni, mimi ninaangalia barabara, ninampa ishara ya mkono, ndipo anavuka.

Kwenye reli ninasimama hata kama hakuna treni. Ninafungua mlango na dirisha, ninanyamazisha watoto, ninasikiliza. Hiyo ilitoka kwenye ajali ya Utah ya mwaka 1938, treni iligonga basi kwenye theluji ikaua zaidi ya watu 20.

Ila msifikiri huku ni peponi. Madereva wanapita taa nyekundu kila siku. Hesabu iliyofanywa na wakurugenzi wa usafiri wa wanafunzi mwaka 2023 ilikadiria zaidi ya mara milioni 40 kwa mwaka mmoja wa shule, nchi nzima. Ndiyo maana mabasi mengi sasa yanafungwa kamera kwenye kile kibao. Rangi inaonekana vizuri sana. Mtu anaiona na bado anapita. Kinachomsimamisha ni faini.

Mkaazi Thika Road

Hamjambo ndugu wa Bongo na kwingineko. Naandika kutoka Nairobi.

Huku kwetu njano iko kwa sheria. Zamani kila shule ilikuwa na rangi yake, nyingine kijani, nyingine buluu na nyeupe, jina la shule limeandikwa kubwa kubwa ubavuni. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliyoanza 2017 yakasema magari yote ya shule yawe ya njano, yafungwe mikanda, na yasibebe wanafunzi usiku. Shule zikakimbizana na mafundi kupaka rangi.

Mleta uzi, bodi zetu huundwa hapa hapa juu ya chasisi za Isuzu, Hino, Scania au Tata. Ni mabasi imara. Lakini nataka uone jambo ambalo hujaligusa. Basi la Marekani kazi yake ni kwenda polepole na kusimama kila mara, asubuhi na jioni. Basi la shule ya upili Kenya, hasa shule ya bweni, hukaa wiki nzima chini ya mti kando ya jikoni. Likitoka, linatoka safari ndefu: michezo, tamasha za muziki na drama, ziara. Wanafunzi hamsini, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori mbele na nyuma. Hapo njano inasaidia nini? Ile rangi ilichaguliwa ili basi lililosimama kando ya njia lionekane mapema. Dereva aliyechoka, anayerudi kwa mwendo wa kasi, haokolewi na rangi. Kwangu mimi sehemu ya maana kabisa katika sheria ile ni marufuku ya usiku, na hiyo ndiyo hupuuzwa kukiwa na fainali ya mashindano na shule imeshinda.

Jambo la pili ni namna basi linavyonunuliwa. Wazazi hulipishwa, au harambee, au pesa za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge), mbunge anakuja kukabidhi ufunguo. Sherehe ni ya basi. Mshahara wa dereva, matairi na mafunzo hayana sherehe. Shule inabaki na basi jipya na dereva ambaye pia ni mlinzi.

Sharjah Kwetu

Assalaam alaykum jamaa. Mie Mzanzibari, nafanya kazi Sharjah miaka mingi sasa, watoto wangu wamesomea huku.

Mabasi ya skuli huku ni ya njano lakini si ya Kimarekani. Mengi ni ya Kihindi, Ashok Leyland na Tata, yana uso bapa, hayana pua. Bodi kwa hivyo hawakuiga. Walichokiiga ni kile kibao cha kusimamisha magari, na wamekitia meno. Basi likisimama kibao kikafunguka, magari ya njia ile yanasimama, si chini ya mita 5 kutoka basi. Ukipita: faini dirham 1,000 na alama nyeusi 10 kwenye leseni. Ukifikisha alama 24 leseni inachukuliwa. Mfanyakazi wa mshahara mdogo akisikia dirham 1,000 anasimama, na tajiri akisikia alama 10 anasimama. Ndio maana nimeona magari ya fahari yakingoja kimya mpaka mtoto wa darasa la kwanza avuke na begi lake.

Jambo jengine: ndani ya basi yumo msimamizi mwanamke. Anawapokea mlangoni, anawafunga mikanda, akimaliza anawahesabu. Joto la huku mwezi wa tisa hamulijui. Mtoto akisahauliwa ndani ya basi lililofungwa, ni mauti, na yameshatokea katika nchi za Ghuba zaidi ya mara moja. Japani nako mwaka 2022 mtoto wa miaka mitatu alifariki ndani ya basi la chekechea, na kuanzia Aprili 2023 wakalazimisha vifaa vya kumkumbusha dereva akague viti vyote.

Mwana Bukavu, huko kwenu ipo kengele ya namna hiyo?

Mwana Bukavu

Ipo, ndugu yangu. Ukizima injini kunaanza kulia. Swichi ya kuinyamazisha iko nyuma kabisa ya basi. Unatembea mpaka mwisho ukiangalia chini ya kila kiti, unabonyeza, unarudi. Usipoenda, honi inapiga mpaka jirani wote watoke.

Yorkshire Baridi

Uingereza nao walijaribu. Kampuni ya FirstGroup ilileta mabasi ya Blue Bird yenyewe mwaka 2002, yakafanya kazi huku West Yorkshire, baadaye mamlaka ya hapa ikaendelea na mabasi yake ya njano. Kilichowapendeza wazazi ni kwamba dereva ni yule yule kila siku na mtoto ana kiti chake. David Blunkett, waziri wa zamani wa elimu, aliongoza tume iliyotoa ripoti mwaka 2008 ikitaka mpango upanuliwe. Haukusambaa nchi nzima, ulikuwa na gharama. Na sheria ya kuwasimamisha madereva wengine haikuwepo, kwa hiyo basi la njano likisimama, magari yanapita kama kawaida.

Ticha wa Kata

Wakuu nimesoma kwa makini, naomba nitofautiane kidogo na mwelekeo wa uzi.

Mnajadili gari la mtoto ambaye mzazi wake analipa. Mimi nafundisha shule ya sekondari ya kata. Wanafunzi wangu wanatembea, na wa mjini wanapanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi. Saa kumi na mbili asubuhi nendeni kituoni muone konda anavyosimama mlangoni: "Denti wawili tu!" Wakubwa wanaingia, watoto wanabaki. Wengine wananing'inia. Wasichana wanapewa lifti na bodaboda, na sote tunajua lifti zile zinaishia wapi kwa baadhi yao.

Mleta uzi mwenyewe kasema basi lile lilianza kwa mtoto wa mkulima baada ya shule za vijijini kuunganishwa. Basi la njano la Marekani ni la shule za umma. Linabeba kama watoto milioni 25, na wengi wao hawalipi nauli. Na mahakama za kule zililitumia hata kuvunja ubaguzi: mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Charlotte, North Carolina, iliruhusu watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule za weupe na weusi zichanganyike. Boston mwaka 1974 wazungu waliyarushia mawe mabasi yaliyobeba watoto weusi. Basi ni lile lile la njano. Sisi tumelichukua tukalifanya alama ya shule za ada kubwa. Hilo kwangu ndilo pengo kubwa kuliko paa na viti.

Na kuhusu usalama: Mei 6, 2017, Karatu. Rosa iliyobeba wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Niko mkoa huu, nilikuwepo uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya kuaga. Majeneza yalipangwa mistari mistari. Mpaka leo likipita gari la shule limejaza hadi mlangoni nashindwa kuliangalia.

Mama Wawili

Ticha, pole. Siku ile nchi nzima tulilia.

Fundi Mabati

Ticha, hoja yako naipokea yote. Mimi nimeanza na gari kwa sababu gari ndilo linaloingia gereji kwangu, lakini unachosema kina uzito kuliko nilichosema. Basi la umma ndilo lililofanya wapate viwango vya umma. Serikali ikiwa ndiyo mnunuzi mkubwa, inamwambia muundaji: nataka paa hili, kiti hiki, la sivyo sinunui. Huku kila mwenye shule ananunua peke yake gari lililochoka Japani, halafu kila fundi anafanya anavyojua.

Mfano wa nchi iliyoamka kwa machungu ni China. Novemba 16, 2011, mkoa wa Gansu, gari dogo la viti 9 la shule ya chekechea liligongana uso kwa uso na lori. Viti vilikuwa vimeng'olewa. Ndani walikuwa watu 64. Walikufa 21, na 19 kati yao walikuwa watoto. Siku chache baadaye serikali ya China ikakabidhi mabasi 23 ya shule kama msaada kwa Macedonia, wananchi wakawaka mtandaoni: watoto wetu wanakufa kwenye kigari cha viti 9, mabasi yanakwenda nje! Kufikia Aprili 2012 kanuni za mabasi ya shule zilikuwa zimetoka, na viwanda kama Yutong vikaanza kutoa mabasi ya njano yenye pua, ukiyaona kwa mbali utadhani uko Georgia. Lakini pamoja na pua na rangi, kanuni zile zilisema basi likisimama kushusha kwenye barabara yenye njia moja kila upande, magari ya nyuma yake yanasimama, hayapiti. Penye njia mbili au zaidi kwa upande, njia ya basi na ile ya pembeni yake zinasimama. Kwa hiyo iga ya China ilibeba na sheria.

Kwetu basi la shule likisimama Barabara ya Bagamoyo jioni, nani anasimama? Na kuna hatari ambayo hao wa Ohio hawana: bodaboda anapenya kushoto, kati ya mlango wa gari na mtaro, hapo hapo mtoto anaposhukia. Kibao cha STOP kikifungwa kulia hakimwoni huyo. Tukija kuandika sheria yetu, bodaboda wa kushoto aandikwe kwa jina.

Mkaazi Thika Road

Hilo la bodaboda ni kweli kabisa hata huku. Niliona mtoto akigongwa begi likaruka, yeye akapona. Tout (konda) wa gari alikuwa ameshuka kwanza akamvuta.

Mama Wawili

Naomba sasa mnisaidie mimi wa kawaida. Shule imetangaza nauli ya gari inapanda Januari kwa sababu wanaleta "basi jipya". Kikao cha wazazi ni wiki ijayo. Nikaulize nini hasa? Sheria siwezi kutunga.

Fundi Mabati

Mama, usiulize rangi. Omba kikao kitoke nje mkalione gari.

Ingia ndani, nenda mlango wa dharura, ufungue mwenyewe kutoka ndani bila ufunguo wala spana. Usipofunguka, hapo hapo nauli isubiri. Kisha angalia njia ya katikati. Vile viti vya kukunja ving'olewe vyote, kwa sababu mtoto akikaa pale ameziba njia ya wenzake wa nyuma. Watasema wanapoteza nafasi, na ni kweli wanapoteza, ndiyo bei yake. Shika kila kiti, kitikise. Kiti kilichofungwa kwa bolti moja kimekwisha. Vuta mkanda uone kama unashika, si kuonekana tu.

Halafu uliza habari za ruti. Mtoto wako anashushwa upande wa nyumbani au anavuka? Kama anavuka, matroni anashuka naye? Ashuke yeye kwanza, asimame upande wa nyuma wa mlango kuzuia bodaboda, ndipo watoto washuke. Hilo halihitaji sheria ya Bunge, linahitaji mwalimu mkuu aseme. Na wazazi mkubaliane gari lisikodishwe wikiendi. Likitoka msibani saa nane usiku, dereva huyo huyo saa kumi na moja alfajiri yuko kwenu Tegeta.

Sharjah Kwetu

Na kengele ya nyuma asiisahau. Hiyo wala si ghali.

Fundi Mabati

Kweli. Mwana Bukavu, nisaidie kitu cha kiufundi: ile kengele inapata moto (umeme) kutoka swichi ya funguo moja kwa moja, au ina kiboksi chake? Nafikiria rilei moja, honi ya rivasi na swichi ya kubonyeza kwenye nguzo ya nyuma. Kwenye Coaster waya unapita chini ya zulia bila kutoboa popote.

Mwana Bukavu

Yetu ina kiboksi chake cha kiwandani. Ila kanuni ni hiyo hiyo unayosema: ukizima funguo, rilei inaachia, honi inalia mpaka mtu abonyeze nyuma. Uhakikishe tu moto wa honi hautoki kwenye waya unaokatwa na funguo, sababu ukizima funguo na honi itanyamaza. Uchukue moja kwa moja kwenye betri, uweke fyuzi.

Fundi Mabati

Nimekupata vizuri. Nina Coaster mbili za shule zinaingia gereji wiki hii. Naanza na moja, nikiifunga naweka hapa picha na mchoro wa waya, fundi mwingine aweze kuunda bila kunipigia simu.